Wageni wa nyumbani, siku tatu London: nipangeje matembezi yanayowafaa wazee na watoto kwa pamoja?

Bint Mrima anauliza

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Naomba ushauri wenu wa kupanga matembezi. Katikati ya Agosti nitawapokea wageni kutoka nyumbani: mama yangu mkubwa, ambaye ameshapita miaka 70 na goti lake humsumbua zaidi anaposhuka ngazi kuliko anapopanda, mjomba, ambaye bado anatembea vizuri na habanduki mahali kabla hajasoma kila kibao, na wajukuu wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 13. Watatua Heathrow Alhamisi jioni, watalala kwangu Lewisham, na Jumatatu alfajiri wataondoka kwa treni kwenda Birmingham kwenye harusi. Kwa hiyo siku za kutembea ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu.

Kila mmoja ameshatuma maombi yake kwenye kundi la familia, nami nimeyaandika yote: Tower of London, Buckingham Palace, Westminster Abbey, London Eye, British Museum, makumbusho yenye mifupa ya dinosaria, Greenwich, Madame Tussauds na uwanja wa Arsenal. Mjomba ameongeza sharti ambalo sitaki kulivunja, nalo ni kwamba swala ya Ijumaa isimpite. Nikiyapanga kwa kufuata orodha ilivyo, naona tutalikata jiji huku na huku kutwa nzima, jambo ambalo mama mkubwa hataliweza; na kwa ninavyomfahamu, hatasema kitu, atavumilia tu mpaka usiku ndipo aombe dawa ya kuchua.

Naomba mnisaidie kujua nipunguze nini, nianze na nini, na ni tiketi zipi za kukata mapema. Gharama zote natoa mimi, kwa hiyo mahali pa bure panaponoga patanifaa sana.

Msafiri wa Mto

Dada Bint Mrima, wageni ni baraka, na hao wako wamebahatika kupata mwenyeji anayelifikiria goti la mtu kabla ya picha. Ushauri wangu ni kwamba uiweke kando orodha, uichukue ramani, na uzitenge siku zako kwa pande za jiji: Ijumaa mashariki, Jumamosi magharibi, na Jumapili uufuate mto kuelekea nyumbani kwako. Ukifanya hivyo, mambo mengi yatajipanga yenyewe, pamoja na swala ya mjomba.

Ijumaa muwe Tower of London milango inapofunguliwa. Kutoka Lewisham mnapanda DLR, ile reli nyepesi ya mashariki mwa jiji, mnabadilisha Shadwell, na mnashukia Tower Gateway, ambayo iko ng'ambo ya barabara tu kutoka kwenye ngome. Mkishaingia, nendeni moja kwa moja kwenye vito vya kifalme, kwa sababu foleni yake hurefuka kadiri asubuhi inavyosonga. Humo ndani pana mkanda unaotembea unaowapitisha wageni mbele ya mataji, na mjomba atafurahi kuiona fimbo ya kifalme iliyobeba kipande kikubwa kuliko vyote vya almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Kipande hicho peke yake kina karati 530. Baada ya hapo wafuateni walinzi wenye sare, ambao huwatembeza wageni na kuwasimulia habari za wafungwa na kunguru, na malipo yao yamo ndani ya tiketi. White Tower, jengo la kale lililoanzishwa na Mfalme William baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, lina ngazi nyembamba za kuzunguka. Hapo mama mkubwa aketi uani na binti, wengine wapande.

Kutoka Tower Hill hadi Whitechapel ni vituo viwili tu kwa treni ya chini ya ardhi ya District line, na East London Mosque uko kwenye barabara kuu ya Whitechapel, mwendo mfupi kutoka kituoni. Fikeni mapema, kwa sababu Ijumaa hujaa kweli kweli. Una sehemu ya wanawake pia, hivyo hakuna atakayesubiri nje. Mtaa huo hauna shida ya chakula cha halali, na mnaweza kuketi kula bila haraka.

Sasa sikiliza jambo linaloifanya Ijumaa kuwa siku ya thamani. British Museum hufunga saa 11 jioni siku nyingine, lakini Ijumaa huwa wazi hadi saa 2:30 usiku. Mnapanda Elizabeth line hapo hapo Whitechapel, mnashuka kituo cha tatu, Tottenham Court Road, na mnaingia wakati makundi ya shule na mabasi ya watalii yameshaondoka. Kuingia ni bure, ila ni vizuri kukata nafasi mtandaoni. Msijaribu kuona yote. Chagueni jiwe la Rosetta, kisha mshuke kwa lifti hadi vyumba vya Afrika, ambako mtaona mabamba ya shaba ya ufalme wa kale wa Benin, katika Nigeria ya leo, yaliyotwaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 na ambayo mpaka leo yanadaiwa yarudishwe. Makumbusho hayo pia yanamiliki zana ya jiwe ya kukatia kutoka bonde la Olduvai, Tanzania, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ulizeni mapokezi ni chumba gani mkaiangalie. Mtoto wa miaka 13 anayefika London na kukuta kwamba miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa kwa mkono wa mtu kimojawapo kimetoka kwao, hatakisahau.

Jumamosi nendeni South Kensington kwenye dinosaria, kwa Natural History Museum, ambayo nayo ni bure. Kateni nafasi ya saa ya kwanza kabisa, kwa maana Agosti ni likizo ya shule na foleni huzunguka jengo. Ukumbini mtapokewa na mifupa ya nyangumi wa bluu mwenye urefu wa mita 25, aliyening'inizwa kana kwamba anapiga mbizi juu ya vichwa vya watu. Jengo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1881, limechongwa wanyama kila pembe, na binti atatosheka kwa kuwatafuta nyani wanaopanda nguzo.

Jumapili ni Westminster asubuhi, halafu boti hadi Greenwich. Greenwich iweke mwisho kwa makusudi: kutoka kituo cha Cutty Sark hadi Lewisham ni safari fupi ya DLR, kwa hiyo jioni ya kufunga mizigo mtakuwa mmeshafika karibu na mlango wako.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono mpango wa Msafiri wa Mto, ila naomba tulizungumzie goti kwa undani zaidi, maana kazi yangu ni ya watu wenye maumivu na najua kinachowachosha. Si umbali peke yake. Ni ngazi za ghafla, na ni kusimama: foleni, mlango wa tiketi, kusubiri wengine wapige picha. Mgonjwa wa goti anaweza kutembea nusu saa kwenye sakafu tambarare akafika salama, na dakika kumi za kusimama zikamwangusha. Kwa hiyo kila mnapofika mahali, mtu mmoja ashike foleni na mama mkubwa atafutiwe kiti kwanza. Makumbusho mengi makubwa ya hapa hutoa viti vyepesi vya kukunja au kuazima viti vya magurudumu bila malipo. Wapigie simu siku chache kabla, wala usione haya kuomba.

Kuhusu usafiri, vituo vyote vya DLR vina lifti au njia ya mteremko. Vituo vya Elizabeth line vya katikati ya jiji pia havina ngazi za lazima, na kadhalika vituo vya Jubilee line kuanzia Westminster hadi Stratford. Kituo cha kuepuka ni South Kensington chenyewe, kwa sababu treni za Piccadilly ziko chini sana na kuna ngazi za kawaida njiani. Jumamosi pandeni treni kutoka Lewisham hadi Charing Cross, mtokee Trafalgar Square, mchukue basi namba 9. Litawapitisha mtaa wa Piccadilly, kona ya Hyde Park na Knightsbridge, na mtashukia Royal Albert Hall. Kutoka hapo Exhibition Road inateremka taratibu hadi kwenye makumbusho. Mama mkubwa atakuwa ameliona jiji kupitia dirishani akiwa ameketi, na hilo nalo ni matembezi kamili.

Kadi sasa. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Kila mtu mzima awe na kadi yake, ama ya benki ya kugusisha ama Oyster, kadi ya nauli ya London, kwa sababu kadi moja haiwezi kuwalipia wawili kwenye treni. Atumie hiyo hiyo kutwa nzima, kwani gharama ya siku ina kikomo, na ukibadilisha kadi hesabu inaanza upya. Kadi za benki za nyumbani zinaweza kukatwa ada ya kubadilisha fedha, hivyo wageni wako ningewapa Oyster. Binti wa miaka 9 anasafiri bure kwenye mabasi, DLR, treni za chini ya ardhi na Elizabeth line akiwa na mtu mzima. Huyu wa miaka 13 anastahili nusu ya nauli, lakini punguzo hilo haliji lenyewe: mkiwa Heathrow siku ya kuwasili, mwombe mfanyakazi wa kituo aliweke kwenye Oyster yake mtoto akiwa amesimama hapo, nalo hudumu siku 14.

Tena jambo dogo la DLR, ambalo huwagharimu wageni wengi. Vituo vyake vingi havina mageti. Kuna nguzo fupi tu yenye duara la manjano, na mtu huipita akiongea. Usipogusisha kadi unapoingia na unapotoka, mfumo haujui ulikoshukia na unakutoza nauli ya juu kabisa. Simama kwenye nguzo, hesabu watu wako, kila mmoja asikie mlio wake ndipo msogee.

Kaka wa Kilburn

Dada, wenzangu wamekupangia njia vizuri. Mimi nataka kukusaidia kukata, kwa kuwa orodha yako bado ina vitu vitatu vya bei kali visivyolingana kwa thamani.

Tower lipia bila kusita. Tiketi yake ni ghali kwa familia, lakini mnakaa asubuhi nzima, na kila umri unapata fungu lake. Madame Tussauds ifute. Sanamu za nta za watu maarufu hazimfundishi mtu chochote kuhusu London, na ukishapiga picha umemaliza. London Eye ni gurudumu la mita 135 linalozunguka kwa takriban nusu saa, lina benchi katikati ya kila chumba, na sina ubaya nalo, lakini mandhari unaweza kuyapata bure Sky Garden, bustani ya juu ya jengo la 20 Fenchurch Street, iliyo mita 155 kutoka chini na yenye lifti hadi juu. Tiketi zake za bure hutolewa wiki chache kabla na huisha upesi, hivyo weka kumbusho kwenye simu. Ni karibu na Tower, kwa hiyo ikipatikana saa inayofaa Ijumaa, mnaweza kuichomeka. Isipopatikana, msihangaike, kwa sababu boti ya Jumapili itawapitisha chini ya madaraja na mbele ya karibu kila jengo ambalo mngelitazama kutoka juu.

Kuhusu Buckingham Palace, zamu ya walinzi haibadilishwi kila siku, umati ni mkubwa mno Agosti, na watu wafupi na watoto huambulia migongo ya wenzao. Badala yake wapeleke Horse Guards, pale Whitehall, ambako walinzi wa farasi hubadilishana kila siku, saa 5 asubuhi siku za kazi na Jumamosi, na saa 4 asubuhi Jumapili. Unasimama karibu kiasi cha kusikia kwato na minyororo ya hatamu.

Ninapotofautiana na waliotangulia ni kwenye dhana kwamba ni lazima watu wote watano mwandamane kutoka asubuhi hadi jioni. Mvulana ameomba uwanja wa Arsenal, na katika orodha yote hilo ndilo ombi lake peke yake. Ukilifuta kwa sababu ya ratiba, atatembea makumbusho yote akiwa amenuna. Jumamosi mchana gawanyikeni. Mjomba na mvulana wapande Piccadilly line pale pale South Kensington, ambayo inakwenda moja kwa moja hadi kituo cha Arsenal bila kubadilisha. Wewe, mama mkubwa na binti mrudi juu hadi Hyde Park, mkakae kando ya ziwa la Serpentine. Angalia tu ratiba ya ligi kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa msimu huanza Agosti, na siku za mechi ziara za uwanjani hubadilishwa au hufutwa.

Bint Mrima

Nawashukuru sana, kwa dhati. Nimekaa na ramani jioni nzima na sasa naona siku zenyewe. Ijumaa: Tower, Whitechapel kwa swala na chakula, British Museum hadi usiku, na Sky Garden ikiwa nitapata nafasi. Jumamosi: basi namba 9, dinosaria, kisha tugawanyike kama Kaka wa Kilburn alivyosema, nimemwandikia mvulana na amejibu kwa mistari mingi kuliko aliyowahi kunitumia maishani. Jumapili: Charing Cross, Horse Guards saa 4, kushuka Whitehall hadi mtoni, boti na Greenwich.

Yamebaki mawili. Mama mkubwa ametaja tena Westminster Abbey, kwa sababu aliona kutawazwa kwa Mfalme Charles kwenye televisheni mwaka 2023. Je, tunaweza kuingia Jumapili tukiwa tayari tuko pale? Pili, nimesoma kwamba Royal Observatory, kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, iko juu ya kilima. Nimfanyeje?

Msafiri wa Mto

Jumapili Abbey haiingizi watalii. Milango ni ya ibada tu. Kama moyo wake uko hapo kweli, uihamishie Jumamosi mchana, mahali pa Hyde Park, wakati mjomba yuko uwanjani. Nunua tiketi ya muda maalumu mtandaoni, na ukubali kwamba siku hiyo itakuwa nzito kidogo. Ndani kuna viti, na sakafu kwa sehemu kubwa ni tambarare. Wafalme na malkia wa nchi hii wametawazwa humo tangu mwaka 1066, na kiti chenyewe cha kutawazia, cha mbao iliyochakaa na kuchorwachorwa majina na wageni wa zamani, kimewekwa mahali pa kuonekana. Kwa mtu aliyekaa mbele ya televisheni na kukitazama, nadhani kinazidi ziwa. Mwulize yeye, usimwamulie.

Greenwich sasa. Boti inaondoka Westminster Pier, chini ya daraja, na unaweza kugusisha kadi ile ile, ila ujue kwamba nauli ya boti haihesabiwi kwenye kikomo cha siku. Kaeni upande wa kushoto kwenye safari ya kuteremka, mtapata kanisa la St Paul's na Tower kwa karibu. Mkishuka, Cutty Sark iko mbele yenu, meli ya matanga iliyozinduliwa mwaka 1869. Watu wenye miguu wanaweza kupandisha kilima kutokea hapo, lakini ni mkali, na mama mkubwa asiujaribu. Mpandishe yeye na binti teksi hadi lango la Blackheath, upande wa kusini wa bustani. Kutoka hapo hadi Observatory barabara ni tambarare, yenye miti pande zote mbili na mabenchi.

Kituo hicho cha kuangalia nyota kilianzishwa mwaka 1675, na mwaka 1884 mkutano wa mataifa uliofanyika Washington ulikubali mstari wake wa longitudo uwe sifuri ya dunia. Kuingia ndani ni kwa malipo. Nje ya lango, ambako hakuna malipo, kuna saa ya ukutani ya mwaka 1852 yenye tarakimu za saa 24, na haifuati mabadiliko ya majira ya joto. Simameni hapo na simu zenu. Agosti itakuwa nyuma ya simu yako kwa saa moja, na nyuma ya saa ya mjomba kwa saa tatu kamili kama hajaibadilisha tangu alipotoka nyumbani. Mjomba atakisoma kile kibao, bila shaka, na atakuwa na mengi ya kuwaeleza watoto.

Mvua ikinyesha, msipande kabisa. National Maritime Museum iko chini ya kilima, ni bure, ina lifti, na inatosha mchana mzima. Kurudi, nendeni kituo cha Cutty Sark na mngojee treni ambayo viti vya mbele kabisa viko wazi. Treni za DLR zinajiendesha, hazina chumba cha dereva, kwa hiyo binti atakaa kwenye kioo cha mbele na reli yote itakuwa yake mpaka Lewisham.

Cha kukata wiki hii ni Tower, Natural History Museum na ziara ya uwanja, kwa mpangilio huo. British Museum na Abbey zinaweza kusubiri siku chache, mradi usizifikishe kwenye wiki ya safari yenyewe.